Kisima cha Kaka na Umri wa Dunia

Kaka yangu ni mchimba visima, na tangu aache shule hajasoma kitabu kingine ila Biblia. Sasa mwambie dunia ina mamilioni ya miaka, uone cha moto! Akiwa shimoni, kila udongo ukibadilika huchota kidogo akajaza chupa. Sebuleni kwake huna hata pa kuweka kikombe. Kanisani hutikisa moja yenye maji: mchanga unatua chini, tope juu, muda si mrefu. Ndivyo Gharika ilivyopanga matabaka yote, husema, kwa mwaka mmoja tu.

Hata ugonjwa wa kurithi uliomuua wifi yangu, mkewe, kaka ana maelezo yake. Damu ya Adamu ilikuwa safi. Sisi ni nakala ya nakala, kila kizazi kinafifia.

Juzi binti yake karudi kutoka chuoni, kasomea miamba. Baba mtu kifua mbele, akatangaza kanisani kwamba Jumapili ijayo mwanawe atathibitisha maneno yake. Hata hakumuuliza. Jumamosi msichana akamwambia kwa adabu kwamba hawezi. Akashika chupa mbili za kisima kimoja, moja ya udongo wa chini na moja ya udongo wa juu, zote zina mizizi, akauliza aliikuta imelala au imesimama. Kaka si mwongo, akajibu imesimama. Basi msitu uliota, ukafukiwa, mwingine ukaota juu yake, binti akasema, na miti haioti katikati ya gharika. Nilimkata jicho. Kwani angenyamaza angepungukiwa nini?

Kaka hakubisha. Alikaa, akavua kofia.

"Kama viumbe vilikufa kabla ya dhambi ya Adamu," alisema, "basi kifo si adhabu. Mama yako aliumbwa ili afe. Sasa Mungu atamfufua kwa nini?"

"Hilo sijui, baba. Sikusomea hilo."

Roho iliniuma, maana ndipo nilipoelewa alichokuwa anakilinda miaka yote hiyo. Chakula kilipoa mezani.

Jumapili alisimama mbele, akasema kuhusu umri wa dunia hana hakika tena. Watu wakaguna. Mzee wa kanisa akataka kumkalisha.

"Lakini mke wangu nitamwona," kaka akasema.

Wa kwanza kuitika amina alikuwa binti yake.