Wesley Kwenye Rada

Kama Nyatichi angekuwa mnafiki kidogo tu, leo angekuwa bado anafundisha kwaya. Lakini Mungu alimnyima kipaji hicho, akampa sauti na hasira, vyote kwa wingi.

Duka lake la vipuri liko Awendo, kando ya barabara inayopitwa na matrekta ya miwa. Beringi, mikanda ya feni, hosi za breki, vyote utavipata kwake, pamoja na majibu ya mkato ukimletea mchezo. Aliachiwa duka hilo na marehemu mumewe, Onsongo. Matanga hayajaisha, mdogo wa marehemu, Wesley, akaja kudai funguo, ati mali ya ukoo haikai mikononi mwa mwanamke. Nyatichi alimfukuza akiwa na spana mkononi. Tangu siku hiyo walikutana kanisani kila Sabato, Wesley akiwa mzee wa kanisa na Nyatichi mwalimu wa kwaya, na hawakusalimiana ila watu wakiwatazama.

Roho ya Nyatichi ilikuwa kwenye ile kwaya. Wauza mboga, madereva, wakata miwa, wote aliwafundisha sauti nne bila kinanda. Akiinua mkono wakaanza kwa pamoja, alisahau kuwa ni mjane mwenye shemeji wa aina ile. Wesley alilijua hilo. Duka lilikuwa limemshinda, basi akaanza kuiwinda kwaya.

Sasa, katika chumba cha nyuma cha duka kulikuwa na kompyuta kuukuu iliyonunuliwa Migori mjini, na fimbo ya kuchezea mchezo wa kurusha ndege, iliyotoka kwa fundi mmoja wa Homa Bay. Mchezo wenyewe si wa watoto. Ni ndege ya kivita ya kisasa, kila swichi mahali pake, na usipofuata utaratibu injini haiwaki. Nyatichi aliangusha ndege miezi mizima kabla ya kujua kutua. Hatimaye akawa anapigana kupitia mtandao na watu wa nchi za mbali asiowajua hata sura. Jina alilowapa lilikuwa moja. Kila adui alikuwa Wesley.

"Wesley yuko kwenye rada," alikuwa akisema peke yake. "Anakimbilia mlimani. Kimbia, baba, kimbia." Kombora likimpata, Nyatichi alitoka chumbani uso umetulia, akahudumia wateja kwa upole hadi wakashangaa.

Ijumaa moja alikuwa amemaliza maandalizi yote. Chakula cha Sabato kilikuwa tayari, sare imepigwa pasi, mwenyewe ameoga. Jua likizama Sabato huingia, na kazi na michezo hukoma. Mtoto wa Kisabato hulijua hilo kabla ya kujua kufunga viatu. Nyatichi aliona bado kuna nafasi kidogo. Akaingia chumba cha nyuma, ambacho dirisha lake limezibwa na rafu za vipuri, akavaa hedifoni, akapaa.

Kosa lake lilikuwa la kijinga, na la Msabato hasa. Tangu utotoni alipima Sabato kwa jua, si kwa saa ya ukutani. Na angani alikokuwa, jua lilikuwa mbele yake, kubwa, juu ya mawingu. Kila alipojiuliza kama muda umefika, alilitazama lile jua la kompyuta, akaridhika. Huko nje watu walikuwa wamekwisha kuwasha taa.

Wesley, aliyesikia kwa wateja habari za mchezo ule, alikuwa ameingoja Ijumaa kama hiyo. Alimwendea Mzee Omanga, kiongozi wa wazee wa kanisa, akasema kwa sauti ya huruma kwamba ingefaa wakamfungulie Sabato mjane wa ndugu yake kwa wimbo na maombi. Omanga aliguswa. Wakamchukua na Bathsheba, mwanakwaya na rafiki wa Nyatichi. Walipiga hodi, kimya. Wakaufuata mwanga hadi chumba cha nyuma.

Nyatichi alikuwa amembana adui wake. Kabla ya kufyatua, aliangalia nyuma ya mkia wa ndege, kushoto na kulia, kama rubani yeyote mwangalifu. Anga tupu.

"Nyuma yangu kuko safi," alisema. Nyuma ya kiti chake walikuwa wamesimama wageni watatu na vitabu vya nyimbo. "Sasa Wesley, sali sala yako ya mwisho. Shetani wewe, leo nakumaliza."

Ndege ya adui ikapasuka. Nyatichi akacheka, kicheko cha raha kabisa. Ndipo Bathsheba akamgusa bega.

"Mzee, umejisikilia," Wesley alimwambia Omanga. "Nikisema huyu mama ako na roho mbaya, mnaniambia ni maneno ya duka. Na Sabato imeingia."

"Hiyo ni jina tu ya mchezo, ama?" Omanga aliuliza, akimpa Nyatichi njia ya kujinasua.

"Sema ni mchezo, Mwalimu," Bathsheba alimnong'oneza.

Nyatichi alivua hedifoni. "Sabato nimevunja, Mzee. Sikujua jua limezama, na Mungu nitamwomba msamaha leo leo. Lakini jina ni lake. Nilikuwa namaanisha huyu."

"Basi muombe na yeye msamaha. Mpeane mkono, iishe hapa, na kwaya ubaki nayo."

Wesley alikwisha kunyoosha mkono, anatabasamu.

"Huo mkono ulikuja kuchukua funguo ya hii duka kabla udongo wa kaburi ukauke," Nyatichi alisema. "Siushiki."

Baraza la kanisa lilimsimamisha miezi sita, asifundishe wala asiimbe. Kwaya akapewa Bathsheba.

Sabato iliyofuata Nyatichi alikaa benchi la nyuma. Wesley alikuwa amealika wageni kutoka Mfangano, naye alisimama mbele akiisifu kwaya kana kwamba ameizaa. Bathsheba akatoa sauti ya kuanzia, juu mno. Nyatichi alijua papo hapo kwamba hawataweza kiitikio. Bathsheba naye alijua. Akageuka, akamtafuta kwa macho, akimsihi ampe sauti sahihi. Mguno mmoja tu ungetosha.

Nyatichi alimtazama Wesley na tai yake, akafunga mdomo.

Wakapanda na wimbo hadi sauti zikakatika. Watoto wakacheka, wageni wakainamia Biblia zao. Bathsheba alishusha mkono akalia mbele ya kanisa zima. Wesley aliaibika kidogo, akapangusa miwani, akatangaza somo.

Nyatichi aliona machozi yake mwenyewe yanamdondokea mapajani. Yule aliyemlenga alikuwa bado amesimama.