Mchimba Visima Aliyeanza Kuogopa

Mabonga alikuja Ziwa, kijiji cha nje ya Eldoret, kutoka upande wa Kimilili akiwa kijana, akachimba kisima cha kwanza kwa mfugaji mmoja wa ng'ombe, na tangu hapo hakurudi kwao ila kwenda kuzika. Mtu akitaka maji shambani alimwita yeye. Wachimbaji wengine walikuwepo, lakini wengi wao walifika pale udongo mwekundu unapoisha na mwamba kuanza, wakatazama juu wakaona mwanga umebaki mdogo kama kifuniko cha sufuria, wakaomba kuvutwa. Mabonga hakuomba. Aliteremsha kwanza mshumaa ndani ya mkebe kupima hewa, kisha akashuka yeye, akakaa huko chini akichimba na kuimba nyimbo za kanisa mpaka saa ya chai.

Aliyemshikia kamba ni Kibet, mkulima jirani yake. Walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka hata hawakuhitaji kusemezana. Kamba ikitikiswa mara moja, ndoo imejaa. Ikitikiswa mara mbili, mtu anataka kupanda.

Baada ya mavuno ya mahindi walikuwa wakichimba kwa Jepkosgei, mwalimu wa shule ya msingi ambaye maji ya bomba yalikuwa hayajamfikia. Mabonga aliinama kujaza ndoo, tumbo likabanwa na mapaja, na hapo hapo moyo ukaanza kumpiga kifuani kama mtu anayebisha mlango kwa ngumi. Kichwa kilimuuma ghafla, nyuma na juu. Jasho baridi likamtoka mgongo mzima. Lakini kilichomtisha zaidi hakikuwa maumivu. Ni kwamba alijua, bila mtu kumwambia, kwamba anakufa sasa, na kwamba kitu kimo humo shimoni pamoja naye.

Akatikisa kamba mara mbili.

Kibet alipomtoa nje alimkuta na uso wa rangi ya majivu na midomo mikavu.

"Ni hewa?" Kibet aliuliza.

"Mshumaa unawaka."

"Sasa ni nini?"

Mabonga alisukutua kinywa kwa maji, akayatema. "Sijui. Nimeogopa."

Kibet hakuwa amewahi kumsikia akitamka neno hilo. Alichungulia kisimani kwa muda, kisha akafunika mdomo wa shimo kwa mbao.

Baada ya kitambo kidogo yote yalikwisha, Mabonga akawa mzima kama asubuhi. Alishuka tena. Siku chache baadaye jambo lile likamrudia, na mara hii Kibet alimvuta akiwa amelegea kama gunia.

Maneno yalianza sokoni. Wengine walisema pale kwa Jepkosgei palikuwa na makaburi ya zamani, Mabonga amepasua kitu ambacho hakikupaswa kuguswa. Jepkosgei hakuyaamini, ila alikuwa na watoto nyumbani, na aliona jinsi yule mtu alivyotolewa mle. Akamwambia kwa upole, "Mzee Mabonga, pumzika kwanza. Kisima kitangoja." Kisha akamwita mchungaji akaombea ile sehemu.

Lakini kile kitu hakikubaki kisimani. Kilimfuata Mabonga nyumbani. Kilimpata akifunga kamba za viatu. Kilimpata chooni. Kilimpata akiinua mtungi wa maziwa wa mke wake, Edinah, na mtungi ukaanguka ukamwaga maziwa yote uani. Kila mara ilikuwa ni vile vile: moyo, kichwa, jasho, weupe usoni, na ile hofu kubwa isiyo na sura. Edinah alikuwa akimshika mabega na kumwita kwa jina, naye alimwangalia kama mtu asiyemfahamu.

"Unaogopa nini?" alimuuliza siku moja.

"Hakuna. Hiyo ndiyo shida. Naogopa kama mtu amesimama nyuma yangu na panga, na nikigeuka hakuna mtu."

Alikonda. Aliacha kuimba. Alianza kutembea polepole akiwa amenyooka, bila kuinama, kama anayebeba kitu kilichojaa mpaka pomoni.

Edinah ndiye aliyempeleka kwa Edwin, tabibu mwenye kliniki ndogo karibu na soko. Edwin alikuwa mtu mwangalifu na mwenye subira. Alipima presha akaikuta iko juu, akapima mapigo akayakuta yanakimbia. Alikuwa ameona watu wengi wa namna hiyo, wenye moyo uliosumbuliwa na wasiwasi. Akampa vidonge vya propranolol.

"Hivi vitazuia moyo usisikilize zile neva zinazouhimiza," alisema. "Utatulia."

Na kweli moyo ulitulia. Kwa siku mbili Mabonga alilala usingizi mzuri, Edinah akaanza kushukuru Mungu. Hakuna aliyejua kwamba ule utulivu ndio uliokuwa hatari.

Jumapili, baada ya ibada, wanaume walikuwa wakipanga mabenchi. Mabonga akainama kushika upande wake. Alisimama nusu, akaweka benchi chini, akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Safari hii haikupita. Macho yalipoteza nuru. Akaanza kukohoa, na kikohozi kikaleta povu lenye rangi ya waridi. Kibet alimbeba hadi kwenye pikapu yake, Edinah akapanda nyuma akamkalisha wima kwa kumwegemeza kifuani pake, kwa sababu kila alipolala alikuwa akizama kwa pumzi yake mwenyewe. Njia yote hadi Eldoret mjini alikuwa akisikia mapafu ya mume wake yakitoa mlio kama wa chungu kinachochemka.

Katika hospitali kubwa ya mjini alipokelewa na daktari mmoja mwanamke anayeitwa Jerop. Presha ilikuwa imepanda kiasi kwamba muuguzi aliipima mara ya pili akidhani mashine imeharibika. Walimpa oksijeni, wakamwekea dawa kwenye mshipa, na alipoanza kupata nafuu, Daktari Jerop alimpapasa tumbo. Alipobonyeza upande wa kulia, mashine ikaanza kulia na uso wa Mabonga ukageuka majivu mbele yao wote. Daktari akaondoa mkono haraka.

"Mtu yeyote asiguse tena tumbo la huyu mzee," alisema. Kisha akamgeukia Edinah. "Amekunywa dawa gani?"

Edinah alikuwa amempigia Edwin simu wakiwa njiani, naye Edwin alikuwa amefunga kliniki akaja. Alisimama mlangoni na pakiti ya vidonge mkononi. Daktari aliisoma, akavuta kiti, akakaa.

Siku zilizofuata walipima mkojo na kumpiga picha ya skani. Juu ya figo la kulia palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa parachichi dogo. Daktari Jerop aliwaeleza kando ya kitanda, na Edwin alikuwepo.

"Mwili una neva za dharura," alisema. "Ukikutana na nyoka shimoni, neva hizo, pamoja na tezi mbili zilizo juu ya figo, zinamwaga kemikali. Kemikali hiyo ikifika kwenye moyo inauambia ukimbie. Ikifika kwenye mishipa mingi ya damu inaiambia ijibane. Nyoka akienda, mambo yanatulia. Wewe, tezi yako moja imeota uvimbe, na uvimbe haungoji nyoka. Ukiinama unaubana, nao unamwaga."

"Na ile hofu?" Mabonga aliuliza.

"Ni kemikali hiyo hiyo. Mwili wako ulikuwa unaogopa peke yake, akili ikabaki kutafuta sababu."

Mabonga alifumba macho. Edinah aliona machozi yakishuka hadi masikioni.

Edwin akauliza kwa sauti ndogo, "Na dawa yangu?"

"Dawa yako inaufanya moyo usiisikie ile kemikali. Lakini kuna mishipa, hasa ya kwenye misuli, ambayo kemikali hiyo huipanua badala ya kuibana, na dawa inazuia hilo pia. Kukabaki kubana tu, hakuna kinachopanua. Presha ikapaa, na moyo uliokuwa umepunguzwa nguvu ukashindwa kusukuma. Maji yakajaa mapafuni." Akamtazama Edwin. "Mgonjwa mwingine angepona kwa dawa hiyo. Ugonjwa huu ni nadra. Mimi mwenyewe nimeuona mara mbili tu."

Edwin aliitikia kwa kichwa, lakini hakuinua macho.

Upasuaji haukuweza kufanywa mara moja. Kwanza alipewa dawa nyingine, prazosin, inayoziba zile sehemu za mishipa zinazopokea amri ya kujibana. Mishipa ikalegea. Pua iliziba, na akisimama ghafla alipata kizunguzungu akamshika Edinah. Aliambiwa anywe maji mengi na ale chumvi, ili damu ijaze mishipa iliyokuwa imebanwa muda mrefu. Wiki zilipita. Alirudi nyumbani Ziwa, akakaa kwenye kiti uani, mtu wa kungoja tu.

Aliporudi hospitali, muuguzi alimletea kidonge kingine. Mabonga alikitambua kabla hajakishika.

"Hiki ndicho kilitaka kuniua."

"Ndicho," Daktari Jerop alisema. "Moyo wako sasa unakimbia sana, lazima tuupunguze. Wakati ule mishipa ilikuwa imeachwa wazi kwa ile kemikali. Sasa imelindwa. Dawa ni ile ile, tofauti ni ipi imetangulia."

Aliketi nacho kiganjani kwa muda mrefu. Edinah alimwangalia, asijue amwambie akinywe au akitupe. Mwishowe Mabonga akakimeza, akashika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili, wakangoja. Muuguzi alipima presha, akapima tena. Hakuna kilichotokea. Hata hivyo Edinah hakuweza kula siku hiyo.

Siku ya upasuaji Edinah alikaa na Kibet kwenye benchi la nje. Baadaye daktari wa usingizi aliwaeleza yaliyotokea ndani. Mpasuaji alipoushika uvimbe, presha iliruka juu, wakaishusha. Mpasuaji alipofunga mshipa wa uvimbe, presha ikaanguka kama jiwe, kwa sababu mwili ulikuwa umezoea kuishi ndani ya mafuriko na sasa yamekatwa. Wakalazimika kumpa mshipani, tone kwa tone, ile kemikali ambayo walikuwa wakipambana nayo wiki zote hizo, mpaka mwili ujifunze kusimama wenyewe.

Mabonga aliamka. Baada ya siku kadhaa aliinama kitandani kuchukua kandambili, akabaki ameinama, akisikiliza. Moyo ulikwenda taratibu.

Wiki iliyofuata, Mabonga alipokuwa akijiandaa kurudi nyumbani, Daktari Jerop alimuuliza kuhusu ndugu zake. Uvimbe wa aina hii wakati mwingine hutembea katika damu ya ukoo. Mabonga alisema alikuwa na kaka aliyeanguka shambani akafa akiwa bado kijana, na familia ikasema amerogwa, ikavunja uhusiano na majirani wa upande wa pili wa mto mpaka leo. Aliyebaki ni dada yake mdogo, Naomi, anayeuza viazi na kabeji Cheptiret, kando ya barabara ya Nakuru.

Alikwenda kwake kabla kidonda hakijapona vizuri. Naomi alimkatalia. Alisema yeye si mgonjwa, anaumwa kichwa tu kama kila mtu anayekaa juani, na kwamba hospitali humtafutia mtu ugonjwa. Mabonga hakubishana. Alikuja tena, na tena, akawa anakaa naye kwenye kibanda akimsaidia kupanga viazi, mpaka siku moja Naomi akamwambia, bila kumwangalia, kwamba usiku huamka jasho limemlowesha na anasikia kama kuna mtu mlangoni.

Sasa amepimwa mkojo. Majibu hayajatoka. Mabonga amemwomba Edwin ampime presha dada yake kila anapokuja Ziwa, na Edwin humpima, huandika, na hampi kidonge chochote.