Alikataa Kusimama Mbele ya Usharika

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kutoka Ubaruku kwamba mkulima mmoja wa mpunga, niliyekua naye tangu utotoni Mlandege, amefariki. Ndugu msomaji, unatarajia niseme nilisikitika. Nilikasirika, na hasira yenyewe bado ninayo. Marehemu alipewa na Mungu miaka saba ya kutubu kosa moja, akaitumia yote kukataa.

Kosa lilijulikana na kila mtu. Shamba lake lilikuwa mwanzoni mwa mfereji, la dada yake mjane lilikuwa mwishoni. Mwaka mmoja wa ukame, ilipofika zamu ya dada kupata maji, yeye aliyaziba yakabaki kwake, na miche ya mjane ikakauka yote. Usharika ukamtenga na Meza ya Bwana, kama ulivyo utaratibu wetu Walutheri: ukitaka kurudi, unasimama Jumapili mbele ya wote, unasema umekosa, unapokelewa kwa wimbo. Wakati huo, kabla sijahamia Ipogolo, nilikuwa mzee wa kanisa kulekule Ubaruku, nikatumwa kwake mara nyingi. Kila mara alinikaribisha kwa wali. "Kamwene, mzee! Kula kwanza, toba haishibishi." Nikimbana, alisema, "Nikasimame mbele ya wale kina mama wa kwaya? Kesho yake nani ataniogopa mferejini? Mwambie mchungaji nitatubu nikiota mvi."

"Mvi unazo tayari," nikamwambia.

"Basi zikiisha!"

Nami, Mungu anisamehe, nilicheka, nikaongezewa wali.

Mwezi uliopita alilazwa Mbeya. Nilipokwenda kumwona nilimkuta dada yake amekaa kitandani, anamnywesha uji kwa kijiko. "Kaka," alimwambia, "ile miche nilishaisahau. Wewe sema tu umekosa, tusali pamoja." Mgonjwa akageukia ukutani. "Uji umepoa," alisema. Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kinywani mwake.

Msibani ndugu zake walinivuta nyuma ya nyumba. Bila ushahidi kwamba alitubu, mchungaji asingevaa joho wala kwaya isingeimba. "Mzee, wewe ulikuwepo hospitalini. Sema alitikisa kichwa, yaishe. Nani atajua?" Nilipokataa, mmoja akanitupia, "Kumbe una roho mbaya kuliko marehemu!" Hilo nililimeza. Lililonishinda ni dada yake, aliyenishika mkono akilia: "Niliyekosewa ni mimi, na nimesamehe. Wewe unakataa nini?"

"Dada yangu," nikamjibu, "msamaha wako ni wa kweli. Lakini siwezi kumsingizia toba aliyoikataa mbele yetu wote wawili." Akauachia mkono wangu. Tulimzika bila joho, bila kwaya. Yeye mwenyewe, mjane yule, alianzisha wimbo kaburini, nami nikamwitikia kwa shida.

Kuhukumu roho yake si kazi yangu. Lakini nimeona kwa macho jinsi moyo unavyokuwa mgumu. Haugeuki jiwe siku moja. Hukaushwa na mzaha, na kuahirisha, na hofu ya kuonekana mdogo, na marafiki kama mimi wanaocheka wakati wa kukemea. Uvumilivu wa Mungu ni mwito wa kurudi. Sisi tunaufanya ruhusa ya kubaki tulipo. Kama kuna mtu unayepaswa kumwambia umekosa, liache gazeti hili, uende ukamwambie leo. Usinitegemee mimi kuja kusema ulitikisa kichwa.