Kopo Lililooshwa Mara Saba

Alhamdulillahi, mpaka leo mikono yangu inajua kufungua kabureta ya mashine ndogo ya petroli bila ya kuyasumbua sana macho. Elimu hiyo sikuipata chuoni wala kwa fundi. Niliipata Ijumaa moja katika miaka ya hamsini, kando ya kisima cha msikiti wetu, huko shamba kaskazini ya Unguja, na sababu yake ilikuwa mbwa.

Nilikuwa kijana, nasomesha watoto Kurani, na nilikuwa nimewaomba wazee wa msikiti waikubali mashine ya kuvuta maji. Mwenye duka mmoja wa Darajani alitupa tuijaribu mwezi mmoja. Ikitufaa tubaki nayo, isipotufaa irudi mjini kwa basi lile lile lililoileta. Ijumaa hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Baada ya sala wazee wangekaa waamue.

Aliyeipinga zaidi alikuwa ami yangu, mdogo wa marehemu baba. Tangu sijabaleghe, yeye ndiye aliyekuwa akilijaza birika la kutawadhia, ndoo kwa ndoo, kwa kamba. Mgongo ulikwisha kuanza kumpinda, na mimi nilitaka apumzike. Yeye hakuliona hivyo.

"Thawabu zangu unataka kumpa chuma," aliniambia, "na chuma hakina pepo ya kwenda."

Basi asubuhi ile nilifika kisimani nikakuta kopo la kutilia petroli, nililolisahau nje, limejaa maji ya mvua, na mbwa wa wawindaji nguruwe anakunywa humo. Nilimfukuza, lakini ulimi ulikwisha kufika. Kwa madhehebu yetu hukumu yake inajulikana: chombo kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Nikachota udongo mwekundu, nikasugua, nikasuuza, nikahesabu kwa sauti mpaka saba. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyefanya jambo kama alivyofundishwa. Nikalikung'uta mara mbili, nikamimina petroli ndani yake, nikaitia kwenye tangi.

Mashine iliwaka, ikavuta maji kidogo, ikakohoa, ikanyamaza. Birika lilikuwa na maji kiasi cha shubiri.

Niliizungushia gurudumu kamba yake ya kuwashia, nikavuta. Nikazungusha tena, nikavuta, mpaka bega likawaka moto badala ya mashine. Ami akatokea na kamba yake begani, akachungulia birika.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Punda wako kalala?"

"Atanyanyuka, inshallah."

"Mbembeleze. Mie nnateka maji."

Akaanza kuteka. Kila ndoo aliyoimimina alikuwa na neno nayo. "Hii haikunywa petroli," alisema ya kwanza. Ya pili akasema, "Hii haikungoja fundi kutoka mjini."

Fundi wa yule mwenye duka alikuwa ameniambia kwamba mashine ikigoma nitazame kwanza kama moto upo, kisha kama mafuta yanafika. Nilifungua plagi nikaikuta imeroa. Nikaifuta, nikaiweka juani, nikangoja na petroli iliyonimwagikia mikononi ikauke. Kisha nikaichomeka kwenye waya wake, nikaigusisha na chuma cha mashine na kuvuta kamba. Cheche ikaruka, buluu. Moto upo. Basi lawama ilikuwa ya mafuta.

Wakati huo mke wangu alikuwa ameniletea uji. Nilimwomba chupa nyeupe, nikateremsha ndani yake petroli kidogo kutoka kwenye tangi, tukaiinua juani. Petroli ilikaa juu. Chini yake yalikaa maji, yamejitenga, na chini ya maji vumbi jekundu.

"Lile kopo ulilikausha?" akaniuliza.

"Nililikung'uta mara mbili," nikasema.

"Basi mashine yako ishatawadha," akasema. "Iache iswali."

Ami alicheka hadi kamba ikamponyoka na ndoo ikarudi kisimani. Mwezi mzima sikuwahi kumwona akicheka karibu na mashine ile. Aliiopoa ndoo yake, akaja akachutama pembeni yangu, akavua kofia na kuiweka mapajani.

"Tia misumari yako humu, isipotee," akasema.

Tuliyamwaga mafuta yote ya tangi, tukalisuuza kwa petroli safi ya kwenye debe. Nilizifungua skrubu, misumari kwa lugha ya ami, nikakitoa kikombe cha kabureta, nacho kilikuwa na matone ya maji yanayobingirika kama shanga. Kile kitundu chembamba kinachopitisha mafuta kilizibwa na chembe ya udongo. Fundi alinikataza kutia waya, maana waya hukipanua kitundu na mashine ikaharibika moja kwa moja. Ami akachomoa chelewa kwenye ufagio wa msikiti, akaichonga kwa kisu mpaka ikawa kama unywele. Chembe ikatoka. Nikapuliza, nikakifuta kila kitu kwa kitambaa kikavu, nikarudisha misumari mmoja mmoja kutoka kwenye kofia.

Jua lilikuwa limepanda na watu wa mbali walianza kuwasili. Nilivuta kamba mara mbili. Mkono haukuwa na nguvu tena.

"Sogea," akasema ami.

Akazungusha kamba, akaivuta kwa ule mvuto wake mrefu wa kisimani, mara moja tu. Mashine ikawaka. Maji yakaingia birikani kwa kishindo, na yeye akasimama anautazama mkono wake.

"Kumbe nayo yataka mtu wa kamba," akasema.

Baada ya sala wazee walikaa, wakamtaka yeye aseme mwanzo, kwa kuwa walijua ndiye mpinzani.

"Ibaki," akasema. "Lakini kamba yake yangu. Asiiguse mtu kabla yangu."

Ikawa hivyo mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua, Mungu amrehemu. Alfajiri alikuja, akavuta mara moja, akakaa kwenye baraza na tasbihi yake huku birika likijaa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha kopo na kulianika mdomo chini, na kabla ya kuniruhusu kumimina, yeye alilitia kidole ndani, akalipapasa mpaka kwenye pembe zake, kisha akakitazama kidole kwenye mwanga.