Kibuyu cha Mzazi

Niliporudi Moshi kutoka nchi ya baridi iliyonisomesha udaktari, nilikuwa na koti zito, kitabu cha magonjwa ya ndani kizito kuliko koti, na kiburi kilichovizidi vyote viwili. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Sukari ilikuwa adimu na sabuni ilikuwa ya foleni, lakini wataalamu tulijaa tele wodini, kila mmoja na ugonjwa wake mfukoni, akitafuta mtu wa kumvika.

Tulimpata mzee mmoja wa kanisa kutoka Mwika. Wiki sita homa ilikuwa inampanda jioni na kumshuka alfajiri, jasho linalowesha shuka, mgongo unamuuma hata kugeuka kitandani ni kazi. Kwinini alikuwa ameshainywa mpaka masikio yakawa yanamlia. Alikonda, akabaki macho na tai, maana tai hakukubali kuivua hata akiwa amelala.

Bingwa wetu alikuwa mzungu mpole aliyependa magonjwa adimu kama wengine wanavyopenda kukusanya stempu. Yeye alitamka saratani. Daktari wa kifua alisema ni kifua kikuu kilichoshukia mgongoni. Kwake hata ukijikwaa ni kifua kikuu. Daktari wa upasuaji alipapasa wengu lililovimba, akasema, "Tufungue tuone." Siku ikapangwa, Alhamisi ya wiki ya pili. Kati yetu hakuna aliyeamini kwamba mwili ule ungeamka baada ya kisu, na hakuna aliyesema. Mzee mwenyewe alijua. Aliniomba kalamu aandike nani atarithi kihamba, shamba la migomba la ukoo.

Kitabu changu kiliniagiza niulize habari za maziwa. Nikauliza, kwa Kiswahili safi kama cha redioni.

"Mzee, unatumia maziwa yasiyochemshwa?"

"Daktari, mimi ni mzee wa kanisa."

Nikaandika kwenye faili: Hapana.

Mimi ni mtoto wa migomba ileile. Nilijua vizuri kwamba kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani miezi mitatu, mama mkwe anamlisha mpaka anenepe: nyama ya mafuta, maziwa, na mlaso, yaani damu ya ng'ombe iliyokorogwa na maziwa mabichi na siagi. Nilijua pia kuwa kinywaji kile ni cha mzazi peke yake, na mwanamume akinaswa amekionja atachekwa na ukoo mzima mpaka azikwe. Lakini sikwenda ng'ambo miaka saba ili nirudi kuulizana mambo ya mlaso mbele ya bingwa. Nilipaonea haya kwetu, hiyo ndiyo kweli.

Bingwa akanituma nikaikague nyumba ya mgonjwa. Nilipanda Mwika na gari la hospitali, nikaketishwa sebuleni, nikapewa mbege, pombe yetu ya ndizi, na nikawahoji wanaume. Kuna mtu mwingine anayeumwa? Hakuna. Ng'ombe hajambo? Hajambo kabisa, alisema mtoto wa mzee, na akageuza mazungumzo upesi kwenye bei ya kahawa. Nyuma ya ukuta mtoto mchanga alilia. Nikamsalimu mama yake kupitia ukuta, kama adabu inavyotaka, naye akaitikia kwa sauti ndogo. Nikanywa kata ya pili, nikarudi mjini na ripoti ya kurasa nne isiyo na kitu.

Siku mbili kabla ya kisu, mke wa mzee alikuja na ndizi za kupika. Hakuja kwetu sisi wenye makoti. Alikwenda kukaa kwenye benchi na sista wa wodi, mama wa Mwika kama yeye, wakaanza kuongea Kichagga. Mke wa mzee akalalamika: mkwe wake analishwa kama inavyotakiwa, lakini hanenepi. Tena sasa naye ana homa ya jioni kama ya baba mkwe. Kwa hiyo amemuongezea mlaso, mara mbili kwa siku.

Sista aliinuka bila kitabu. Alikwenda kitandani kwa mzee, akainama.

"Meku," yaani mzee, alimwambia kwa Kichagga, "kibuyu cha mkwe wako ni kitamu?"

Mzee wa kanisa alijifunika blanketi mpaka kichwani. Tai ikabaki nje.

Basi ndiyo ikawa historia kamili ya ugonjwa, ile tuliyoitafuta wiki mbili kwa eksirei. Kila alfajiri, akisema anakwenda kumtazama ng'ombe, mzee alipita jikoni akanywa nusu ya kibuyu cha mzazi. Tulipeleka damu yake maabara na tone la dawa likaigandisha vipunjepunje: homa ya ng'ombe, inayotoka kwenye maziwa mabichi. Kisu kikafutwa. Sindano na vidonge vya wiki kadhaa vikamrudisha duniani, na bingwa akaandika makala nzuri kuhusu uchunguzi wake makini. Sista hakutajwa. Ndizi hazikutajwa pia.

Mkwe tulimteremsha hospitali siku ileile. Alikuwa binti wa miaka kama ishirini, mifupa mitupu, mtoto wa karibu miezi mitatu kifuani, nyonga inamuuma hata hawezi kushuka kitandani bila kushikwa. Alipona homa. Nyonga haikupona sawasawa. Alitoka akichechemea, na nasikia anachechemea mpaka leo.

Kabla hajatoka niliketi kando ya kitanda chake na faili mpya, nikajifanya mwema. Nikamuuliza, safari hii kwa Kichagga, kama aliwahi kuona jambo lolote lisilo la kawaida pale nyumbani.

"Ng'ombe alitupa mimba wiki ile niliyojifungua," alisema. "Mume wangu akaizika usiku majirani wasijue. Maziwa yake ndiyo nikawa nanywa. Na kibuyu kilikuwa kinanifikia nusu, na alama ya mdomo ukingoni. Baba akaanza homa, halafu na mimi. Nilijua ni maziwa."

"Mbona hukusema?"

Alimtengeneza mtoto kwenye kanga, akanitazama bila hasira hata kidogo, na afadhali angekuwa nayo.

"Siku ile ulikuja, daktari. Ulinisalimu ukutani. Niliitikia, halafu nikangoja uniulize. Nikasikia unaomba mbege nyingine."

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Sikuandika.