Kitako cha Kiondo na Shantelle wa Syokimau

Nakumbuka siku moja ya soko, mwanangu, nikiwa kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinafikiria kutoka. Nilimsindikiza mama yangu, Mutheu, kutoka Kola hadi mjini Machakos kuuza viondo. Alisuka vya kubebea mahindi, vya kwendea kanisani na vya maharusi, kila kimoja kwa rangi zake. Lakini vyote alivianza namna moja: duara dogo jekundu kwenye kitako.

Mchuuzi mmoja akamwambia, "Mama, hivi vya wageni vifume bila hilo duara. Nitawaambia vimetoka mbali."

Nami, kwa ujuaji wa ujana, nikamnong'oneza mama, "Kubali tu. Nani hutazama kitako?"

"Kikikatikia njiani watakigeuza," akajibu, soko zima likisikia. "Wakiona duara, wamlaumu Mutheu. Sitaki alaumiwe mwanamke mwingine."

Mchuuzi akacheka, akavinunua vilivyo.

Mungu alinijalia binti nikiwa nimeshaota mvi, nikampa jina la mama. Ndiyo maana, kwa desturi yetu Wakamba, namwita Mwaitu, yaani mama yetu. Juzi juzi kina mama wasusi wa hapa Kola walimchagua awauzie viondo mtandaoni, na akapatikana mnunuzi wa Nairobi. Mnunuzi naye, kama watu wa siku hizi, akamtafuta kwanza kwenye mitandao. Akampata Mutheu wa Kola, msusi. Akampata Shantelle wa Syokimau, mtaa wa kisasa karibu na Nairobi, mwenye uso wa Mutheu, anakunywa kahawa kwenye roshani. Na mahali pa tatu, uso uleule, jina lingine, anajibizana na watu kwa maneno makali. Akapiga simu kuuliza, "Kati ya hawa, nitafanya kazi na nani?"

Mwaitu alinijia machozi yakimlengalenga, akanieleza yote. Kina mama wote walikuwa wanamtegemea.

"Baba, nizifute kurasa zote?"

"Huyo Shantelle ana mbuzi?"

Akacheka huku analia. "Hana, Baba. Hata hiyo roshani si yake."

Nikachukua kiondo cha mama, nikakigeuza, nikamsimulia habari za soko. Alilipapasa lile duara kwa muda. Kisha akampigia mnunuzi palepale mbele yangu.

"Wote watatu ni mimi," akasema. "Shantelle ananiaibisha kidogo. Yule mkali nitamfanya aombe msamaha leo. Msusi ndiye wa kweli. Njoo Kola umwone akifanya kazi."

Akaja, na viondo akachukua.

Leo kila ukurasa wa Mwaitu una jina moja na uso mmoja. Kwenye video anacheza na kwaya, kwenye ukurasa wa kazi anaonyesha viondo, na ya nyumbani yanabaki nyumbani. Namshukuru Mungu, na sitaficha, siku hizi kofia inanibana kwa kujivuna.

Basi, mwanangu, sikukatazi kuwa na kurasa nyingi. Vaa la kazi kazini na la sherehe kwenye sherehe, wala usimwage moyo wako kila mahali. Ila popote watakapokugeuza, wakute jina ambalo uko tayari kulaumiwa kwalo.

Mungu aliyekujua kabla hujapewa jina akutunze, na siku atakapoliita, uitike bila kuuliza ni lipi.