Barua Yenye Sahihi Mbili

Nilihamia Tunduma baada ya kufungwa kwa ofisi ya ushirika wa kahawa niliyokuwa nikifanyia kazi kule Mbozi. Tulipunguzwa wote siku moja. Vitu vya ofisi vilipouzwa nilichukua mashine ya taipu, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Mume wangu alikuwa ameshavuka mpaka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba ya Zambia. Aliniandikia mara mbili, kisha akanyamaza. Mama alinitumia ujumbe nirudi Itaka tukalime pamoja, lakini niliona haya kurudi sina kazi, sina mume, sina mtoto. Nikapanga chumba chenye kibaraza kando ya barabara iendayo mpakani, nikaweka meza nje.

Kazi haikukosekana. Niliandika barua za maombi, fomu za mawakala wa forodha na hati za kuuziana viwanja. Akina mama wa Kizambia waliovuka kununua mchele walinisalimia, "Mulishani, ba mayo," nikaitikia, wakapita. Siku nzima watu waliongea nami, lakini kila mmoja aliongea kile alichotaka kiandikwe. Wakiondoka nilikuwa sijasema neno langu mwenyewe hata moja. Jumapili nilikwenda kanisani, nikarudi, nikafunga mlango.

Mwalimu alikuja mwezi wa sita, katikati ya miaka ya tisini, wakati upepo wa baridi unaleta vumbi mpaka ndani ya chungu. Alikuwa amevaa koti la suti na ndala.

"Mama, unaandika na Kifaransa?" akaniuliza.

"Sikijui. Lakini ukiniandikia herufi zinazosomeka, nitapiga."

Alikaa kwenye benchi akanieleza. Alikuwa akifundisha shule ya msingi upande wa Kongo, kwenye milima iliyo juu ya Ziwa Tanganyika. Vita vya makabila mawili vilipofika kijijini kwake alikimbia, akazunguka kupitia Zambia hadi Nakonde, akavuka kwa miguu. Sasa alikuwa akibeba magunia kwenye maghala ili apate chakula. Alitaka kuwaandikia wakubwa wa dunia, wale wanaokaa kwenye ofisi za Ulaya na Amerika, waje wasimamishe mauaji.

Mashine yangu haikuwa na zile alama ndogo ambazo Kifaransa huweka juu ya herufi. Kwa hiyo nilipiga ukurasa, nikamkabidhi, naye akainama na kalamu akaziweka moja moja, kwenye nakala ya juu na kwenye zile za kaboni pia. Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia. Nilikuwa nimepiga kurasa nne bila kuelewa hata sentensi.

"Hapa unasema nini?" nikamwuliza.

Akanisomea kwa Kiswahili, polepole, kama anasomea darasa. "Sisi wa makabila mawili tulioishi mlima mmoja, tunauana. Hatuwezi tena kujizuia wenyewe. Tunawaomba ninyi wenye nguvu mje msimame katikati yetu, mzuie bunduki zinazoletwa pande zote mbili, halafu mtukalishe tuongee."

"Unasema mnauana. Si wao waliochoma shule yako?"

"Ni wao. Na vijana wa kwetu wakaenda kuchoma zahanati yao, wagonjwa wakiwa ndani." Akaweka alama moja kwenye herufi, akapuliza wino ukauke. "Vijana wale niliwafundisha mimi, mama. Wengine niliwashika mkono kuandika majina yao."

Tulituma barua kwenye anwani tisa alizokuwa ameziandika kwenye daftari. Kwa kuwa hakuwa na makazi, tuliweka sanduku langu la posta. Baada ya miezi mitatu likaja jibu moja, kadi iliyochapishwa ikisema barua imepokelewa na itafikishwa kwa wahusika. Mwalimu aliizungusha ile kadi mikononi kwa furaha, akaniomba nimwekee isije ikachafuka kule ghalani. Baada ya hapo hakikuja kitu.

Katika miezi ile alizoea kuja Jumapili baada ya ibada, akala kwangu. Watu wa jirani wakasema nimepata mume Mkongo. Nilipaswa kukanusha upesi, lakini sikufanya hivyo. Kati yetu hakukuwa na jambo. Alikuwa na mke aliyepotezana naye njiani, na alikuwa akimtaja kila mara. Mimi nilifurahi tu kuosha sahani mbili.

Jumapili moja akaniambia, "Barua ya mtu wa upande mmoja ni malalamiko. Wanayapokea mengi, wanayapanga kwenye kabati. Lazima tuandike pande zote mbili."

Upande wa pili ulikuwepo Tunduma. Mama mmoja aliyeuza vitenge sokoni, ambaye alikuwa ameolewa na Mtanzania miaka mingi, alitoka kwenye milima ile ile, kabila lile jingine. Mwalimu alimtambua kwa lafudhi siku yake ya kwanza sokoni, na yule mama akamtambua yeye. Tangu hapo mwalimu alipita njia ya nyuma asikutane na meza yake.

Akaniomba nimsindikize. Tulipofika, yule mama aliniangalia mimi peke yangu.

"Dada, mwambie huyo bwana asimame mbali na meza yangu."

Mwalimu alikuwa hatua mbili kutoka pale. Akarudi nyuma, akamweleza habari ya barua akiwa amesimama kwenye matope. Yule mama alikuwa akikunja vitenge wakati wote, akavikunja hata vile vilivyokuwa vimekunjwa.

"Kaka zangu wawili walifia kwenye daraja la kwenu," akasema mwishoni, safari hii akimtazama. "Na wewe unataka niweke jina langu chini ya jina lako?"

"Au juu yake, dada. Hata juu yake."

"Nenda."

Mwalimu hakuja kibarazani kwangu kwa zaidi ya wiki. Nilidhani ameona aibu mbele yangu. Kisha alasiri moja ya mvua, alikuja yule mama wa vitenge peke yake. Akafunga mwavuli, akakaa kwenye benchi.

"Hiyo barua yenu inataja daraja?"

"Haitaji," nikamjibu.

"Basi itaje."

Nikaweka karatasi. Alisema kwa Kiswahili nami nikapiga kwa Kiswahili. Alitaja kaka zake, kila mmoja kwa majina yake matatu, kisha shangazi, kisha watu ambao hawakuwa ndugu zake. Hakulia. Alipoyamaliza akachukua mwavuli wake, nikadhani anaondoka.

"Andika na shule," akasema. "Ile shule ya kwao. Ilichomwa na watu wetu. Mimi niliambiwa watoto walikuwa wameshatoka. Sijui kama ni kweli."

Mimi nilikuwa najua. Mwalimu alikuwa ameniambia, tena idadi ya madawati yaliyokuwa na watoto siku ile. Nilitazama herufi za mashine, nikapiga neno "shule", sikumwambia kitu. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema.

Kesho yake nilimfuata mwalimu ghalani. Akaisoma ile karatasi akiwa amesimama, vumbi la unga limemjaa nyusi, akaisoma tena. Jioni aliitafsiri kwa Kifaransa, nami nikaipiga barua yote upya. Siku ya kutia sahihi walikaa ncha mbili za benchi moja. Mama akatia sahihi juu, mwalimu chini. Hawakushikana mikono. Mama aliichukua nakala, akafuata mistari kwa kidole, halafu akasema, "Jina la mto umelikosea."

Mwalimu akainama kutazama. "Kwetu tunauita hivi."

"Kwenu. Lakini mto unatoka kwetu."

Mwalimu akalifuta, akaliandika kama mama alivyotaka.

Safari hii tulituma na kwenye redio za nje. Wiki kadhaa baadaye, idhaa moja ya Kiswahili ikasoma sehemu ya barua ile katika habari za jioni. Tuliisikiliza kwenye redio ya mama wa vitenge, pale sokoni, watu wakipita na mizigo kichwani na madereva wa malori wakipiga honi. Ilichukua dakika chache, kisha wakaenda kwenye michezo. "Wameisoma kama tulivyoiandika," mwalimu akasema. Mama alimsogezea kigoda.

Haikupita muda mrefu, ukafika msako wa wageni. Maofisa walikuwa wakiwakusanya wakimbizi wote waliojipenyeza mijini, wapelekwe kwenye makambi ya magharibi. Walimpata mwalimu asubuhi kazini, wakampa ruhusa ya kuchukua vitu vyake. Vitu vyake vilikuwa daftari na koti. Alipitia kwangu.

"Usiache kuituma," akaniambia.

"Sitaacha," nikasema, kama mtu anavyomjibu msafiri yeyote. Nilimfungia viazi vya kuchemsha kwenye gazeti. Lori liliondoka saa nane mchana kwa barabara ya Sumbawanga. Nilisimama pale mpaka mtu akaja kuniuliza kama mashine inafanya kazi leo.

Aliniandikia mara moja kutoka kambini. Nilijibu, nikajibu tena, na barua yangu ya tatu ikarudishwa ikiwa imeandikwa kwamba mhusika hayupo.

Niliendelea kuituma. Kila mwaka, kahawa ikianza kuvunwa Mbozi na watu wakipungua kibarazani kwangu, niliipiga upya, maana nakala za kaboni zilikuwa zimefifia. Sikujua Kifaransa, lakini vidole vilishaijua barua. Alama za juu ya herufi niliziweka mwenyewe kwa kalamu, nikifuatisha nakala ya zamani. Mama wa vitenge alikuja kutia sahihi yake. Mahali pa mwalimu niliandika: "Alichukuliwa, hajulikani alipo."

Mwaka mmoja redio ikatangaza kwamba askari wa mataifa wamepelekwa kule. Nilifunga mashine nikakimbia sokoni.

"Wamefika mjini, kando ya ziwa," mama akaniambia. Alikuwa ameshapata habari kwa madereva. "Mlimani hawajapanda. Wiki iliyopita watu wameuawa tena, wa kwao na wa kwetu."

Nikarudi nikaongeza mstari mwishoni. Sikuwa na mtu wa kunitafsiria, kwa hiyo niliuandika kwa Kiswahili: "Askari wenu hawajafika mlimani."

Mstari ule niliuandika miaka mitatu mfululizo. Kisha siku moja likasimama gari jeupe mbele ya kibaraza. Wakashuka mwanamke wa Kizungu na mwanamume Mwafrika, mgeni pia, wakiwa na dereva wa Mbeya aliyewatafsiria. Walikuwa wametumwa kukusanya ushahidi wa mambo ya kule milimani. Walikuwa wamefuata sanduku la posta. Yule mwanamume akafungua faili mezani kwangu, nikaziona barua zangu zote zimepangwa kwa mpangilio, hata ile niliyoipiga kwa utepe uliochoka.

"Haya maneno ya Kiswahili mwishoni ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Wewe ni wa kabila lipi kati ya haya mawili?"

"Mimi ni Mnyiha. Wa Itaka, hapo Mbozi."

Dereva akatafsiri. Wakatazamana. Mwanamke akauliza kitu, dereva akasita kidogo kabla ya kunifikishia. "Anauliza, sasa wewe haya yanakuhusu nini?"

Nilitaka kusema mengi. Nilisema, "Niliambiwa nisiache kuzituma."

Niliwapeleka kwa mama wa vitenge. Walikaa naye siku mbili, wakaandika kila kitu. Habari za mwalimu niliwapa zote nilizokuwa nazo, wakasema watauliza makambini. Hawakuniletea jibu. Lakini mwaka uliofuata madereva walisema askari wamepanda mlimani, wamepiga mahema pande zote mbili za daraja, na viongozi wa makabila wamekalishwa chini. Kama ni kwa ajili ya barua yetu au kwa sababu nyingine, sijui, na sijawahi kumpata wa kumwuliza.

Mama wa vitenge alipofiwa na mumewe, akafunga meza yake akarudi kwao. Tuliagana kituo cha mabasi. Simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia, akaandika namba yangu kwenye pindo la kitenge ili asiipoteze. Kazi yangu nayo ilikuwa inakwisha. Vijana walikuwa wamefungua duka la kompyuta upande wa pili wa barabara, na watu wakawa wanakaa kwenye benchi langu kusubiri zamu ya kule.

Alinipigia baada ya mwaka na zaidi. Soko limefunguliwa, alisema, watu wa pande zote wanakuja Ijumaa, ingawa wanakaa mbalimbali. Kuna vijiji ambavyo havijarudiwa na mtu. Mwalimu hajaonekana. Mkewe pia. Lakini amempata dada wa mwalimu, yupo pale pale kando yake, anataka kuongea na mimi.

Sauti ikabadilika, ikawa nyembamba, ya mtu asiyezoea simu.

"Wewe ndiye uliyekuwa unamwandikia barua zake?"

"Ndiyo, dada yangu. Ni mimi."

"Alikuwaje huko? Alikuwa anakula?"

Nikamwambia alikuwa anakula. Nikamwambia alipenda maharage yenye karanga, kwamba alicheka kwa kuziba mdomo, kwamba alikaa na koti hata kwenye jua. Nikamweleza kuhusu wino na kadi ya posta na jinsi alivyokubali kulirekebisha jina la mto. Miaka mingi hakuna aliyekuwa ameniuliza habari zake. Nilizungumza nikiwa nimefumba macho, nikaendelea kuzungumza, mpaka nilipomuuliza swali na kusubiri, ndipo nikagundua kwamba simu ilikuwa imekatika.